Mama, nihamie Atlanta au Chicago?

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima wa afya. Nimekuwa nikisoma ukurasa wako tangu nikiwa chuoni, na leo nimejikaza kukuandikia kwa sababu nimebakiwa na siku chache za kuamua jambo, na kila ninayemwuliza ananijibu kwa kuangalia mambo yake mwenyewe.

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Tanga. Nilikuja Marekani kusoma nikiwa na miaka 19. Nikamaliza uhasibu hapa Ohio, nikafaulu mitihani ya CPA, ile ya leseni ya uhasibu, na makaratasi yangu ya ukaazi yako sawa. Ninaishi Columbus na ninafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu katika kampuni ambayo sitaitaja. Sijaolewa, sina mtoto. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama yuko Ngamiani, Tanga, pamoja na mdogo wangu wa kiume aliyeko kidato cha tano, na mimi ndiye ninayewatumia fedha kila mwezi.

Kazi yangu siichukii, ila nimechoka. Mwaka jana tulikwenda kukagua hesabu za mteja mmoja. Mimi nilitangulia. Nilikuwa nimeshafungua kompyuta, mafaili yao ya manunuzi yametandazwa mezani mbele yangu, nimeanza kuweka alama kwenye ankara. Mkuu wao wa fedha akaingia, akanisalimia vizuri tu, halafu akaniuliza mkaguzi atafika saa ngapi. Nikamwambia mkaguzi ni mimi. Akacheka, akaomba radhi, kazi ikaendelea. Hakunitukana, na sina cha kumshtaki. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa, maana haikuwa mara ya kwanza na nilijua haitakuwa ya mwisho. Kwenye timu yetu weusi tuko wawili, na mwenzangu ameshaaga.

Nikaanza kuomba kazi miji mikubwa, na sasa nina ofa mbili mkononi.

Ya kwanza ni Chicago, kampuni kubwa, ofisi katikati ya mji. Mshahara ni dola 104,000 kwa mwaka na wanalipia gharama za kuhama. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Rogers Park na mke wake na watoto watatu. Wifi ameshanitengea chumba, amenitumia hadi picha ya kitanda. Treni ipo, sihitaji gari. Lakini siku ya usaili nilikaa na watu wanane, na hakuna mweusi hata mmoja. Mweusi pekee niliyezungumza naye jengo zima ni mlinzi wa mapokezi, mzee mwenye mvi. Nilipokuwa natoka, wakati anapokea kile kitambulisho cha wageni, aliniuliza kwa sauti ya chini kama wamenichukua. Siku iliyofuata nilipanda treni ya Red Line kwenda upande wa kusini, nione tu. Tulipopita kituo cha Chinatown na kile cha uwanja wa besiboli, nikaangalia behewa zima: Wazungu wote walikuwa wameshashuka.

Ya pili ni Atlanta, kampuni ya wastani, ofisi iko Midtown. Mshahara ni dola 91,000, na gharama za kuhama ni juu yangu. Mkuu wa idara ni mwanamama mweusi, na karibu nusu ya timu ni weusi. Mama, yule mwanamama alinikosoa. Alichukua mfano wa kazi niliotuma, akaniambia hapa umekimbilia hitimisho, hebu nieleze umefikaje. Nikaeleza, akanibana, nikaeleza tena. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilikuwa natetea hesabu, sikuwa natetea kuwepo kwangu. Nilitoka pale mabega yameshuka.

Jioni yake rafiki yangu niliyesoma naye alinichukua kwenda kwake Lawrenceville. Ilikuwa Ijumaa. Tulikaa barabarani zaidi ya saa moja na nusu, njia nyingi upande mmoja na zote zimesimama. Mimi leseni ninayo lakini barabara kuu naziogopa, na gari sina.

Sasa kila mtu ana lake. Mama anasema damu nzito kuliko maji, niende kwa kaka. Rafiki yangu anasema Chicago wanauana, na kwamba Atlanta ndipo mtu mweusi anapopumua. Kaka anasema Atlanta ni sifa tu za kwenye simu, na kwamba ukiwa na jina la kampuni kubwa ya Chicago kwenye wasifu wako, Atlanta utakwenda siku yoyote. Mwenzangu wa kazini anasema nikikimbilia kwa weusi wenzangu nitaonekana nimeshindwa. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: mimi ni Mwislamu, kazini najifunga kilemba, na nimesikia weusi wa Atlanta ni watu wa kanisa sana. Naogopa nikaacha kuwa mgeni kwa Wazungu nikaenda kuwa mgeni kwa weusi.

Swali langu, Mama, ni hili. Kati ya miji hii miwili, upi unamfaa binti mweusi, msomi, anayeanza maisha? Nimepewa hadi mwisho wa mwezi.

Binti wa Tanga,
Columbus, Ohio

*

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa uchovu huo. Ninaujua, kwa kuwa barua za aina yako zinanifikia kutoka Minneapolis, kutoka Houston, hata kutoka London, na nyingi zina yule mtu anayeingia chumbani na kuuliza mhusika yuko wapi. Umesema huna cha kumshtaki. Ni kweli. Lakini usijilazimishe kuliita jambo dogo kwa sababu tu aliomba radhi. Kukosa usingizi ni ushahidi wa kutosha kwamba lilikuingia.

Nikiielewa barua yako, una kazi mbili halali, zote za heshima, na umejikuta unazipima kwa mizani ya miji: upi mji wa weusi, upi mji wa fedha. Nimeisoma barua mara kadhaa, na kilichonishangaza ni kwamba miji yenyewe imo kidogo sana. Zaidi umeandika kuhusu vyumba. Kuna chumba cha yule mteja, chumba cha usaili kule Chicago, chumba cha yule mwanamama wa Atlanta, chumba chenye kitanda alichokutengea wifi, behewa la treni, na gari la rafiki yako lililosimama barabarani. Mimi nadhani hapo ndipo jibu lako litakapotoka. Hakuna anayeishi Chicago nzima. Mtu anaishi nyumba moja, anapita njia moja kwenda kazini, na anakaa na watu wachache ambao ndio wanaoamua kama atalala usiku. Kwa hiyo niruhusu nivipitie vyumba vyako, na njiani tuyaangalie hayo uliyoambiwa kuhusu miji, kwa sababu mengine ni kweli nusu.

Tuanze na Atlanta, kwa kuwa moyo wako umeegemea huko, au ndivyo ninavyosoma. Rafiki yako hakukosea kusema mtu mweusi anapumua. Tangu Maynard Jackson alipoapishwa kuwa meya mwaka 1974, kila meya wa mji ule amekuwa mweusi. Jackson alishikilia kwamba wafanyabiashara weusi lazima wapate sehemu ya zabuni za uwanja wa ndege, akagombana na wakubwa wa mji kwa ajili hiyo, na uwanja huo leo umebeba jina lake pamoja na la meya mwingine. Zabuni zile zilihitaji wanasheria, wakandarasi na wahasibu. Ongeza vyuo kama Morehouse na Spelman, vilivyokuwa vikisomesha weusi tangu karne ya 19. Yule mwanamama aliyekubana kwa hesabu hakuokotwa. Amesimama juu ya kazi ya vizazi, na wewe ulipoketi mbele yake ulionja matunda yake.

Lakini hebu niulize. Ulichokipenda pale ni Atlanta, au ni yeye? Maana ni vitu viwili tofauti. Yeye anaweza kupandishwa cheo, kuhamia kampuni nyingine, au kustaafu. Akiondoka, nani anabaki? Je, nusu ya timu ni weusi hadi juu, au ni weusi chini na kadiri unavyopanda ngazi wanapungua? Uliona vyeo vyao? Sikuulizi ili nikuvunje moyo. Nakuuliza kwa sababu mji wenye mameya weusi miaka hamsini ndio huohuo unaotajwa mara kwa mara miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani yenye pengo pana zaidi kati ya wenye nacho na wasionacho, na wasionacho wengi ni weusi. Kuona watu wa rangi yako juu ni faraja kubwa. Nafasi yako wewe ni jambo la kuuliza kwa maneno, katika ofisi ile, kabla hujasaini.

Kuhusu kilemba chako. Sijui nani aliyekuambia kwamba weusi wa huko ni wa kanisa tu. Kanisa lina nguvu, ndiyo; Martin Luther King mwenyewe alizaliwa na kuhubiri pale, mtaa wa Auburn. Lakini kusini-mashariki ya mji kuna Atlanta Masjid of Al-Islam, msikiti mkubwa wa Waislamu weusi wa Marekani, wenye shule na familia zilizokuwa Waislamu kabla wewe hujazaliwa. Na Chicago ndiko yalikokuwa makao ya Elijah Muhammad, kiongozi wa kundi la Nation of Islam, na ndiko mwanawe W. D. Mohammed alikoanza mwaka 1975 kuwaongoza maelfu ya waumini wa baba yake kuelekea Uislamu wa Sunni. Kwa hiyo miji yote miwili ina mabibi weusi wanaofunga vilemba na kusali Ijumaa. Utakuwa mgeni kidogo kwao kwa lafudhi yako na kwa pilau yako, lakini ugeni wa namna hiyo huisha baada ya futari mbili tatu. Hofu hiyo uliyoificha ungeisema mapema, ingekupunguzia usiku mwingi.

Twende Chicago. "Wanauana" ni neno zito na mimi silipuuzi, kwa sababu kila aliyeuawa ana mama. Ila tulipime sawasawa. Mauaji Chicago yalipanda sana mwaka 2020, mwaka 2021 yakawa kama 800, kisha yakashuka. Mwaka 2024 yalikuwa chini ya 600. Mji ule una watu milioni 2.7. Atlanta yenyewe, ukiacha vitongoji vyake, ina watu kama laki tano, na ukigawa mauaji ya mwaka ule wa 2021 kwa idadi ya wakazi, miji hii miwili ilikuwa inakaribiana. Halafu katika miji yote miwili damu humwagika zaidi katika mitaa ileile michache, ambayo kwa miaka mingi ilinyimwa mikopo, shule nzuri na kazi. Rogers Park na Midtown hazimo miongoni mwa mitaa hiyo. Usalama wako uulize kwa mtaa na kwa saa unayorudi nyumbani.

Lile behewa uliloliona lina historia ndefu. Weusi waliotoka majimbo ya kusini kuanzia miaka ya 1910 hadi 1970 walifika Chicago kwa mamia ya maelfu, wakabanwa katika ukanda mmoja wa kusini mwa mji na baadaye magharibi kwa mikataba ya nyumba iliyokataza kuwauzia, na kwa benki zilizokataa kuwakopesha. King alikwenda kuishi North Lawndale mwaka 1966 ili kupigania jambo hilo, na huko Marquette Park alipigwa jiwe la kichwa. Mipaka ile imelegea lakini haijafutika, ndiyo maana ukikaa ndani ya Red Line unaiona kwa macho. Matokeo yake mengine ni haya: mwaka 1980 weusi wa Chicago walikuwa karibu milioni 1.2, na ilipofika 2020 walikuwa chini ya laki nane. Wengi wamehamia majimbo ya kusini, na Atlanta ni mojawapo ya miji iliyowapokea. Ukienda Chicago basi, ujue unaingia mji ambao baadhi ya watu wa rangi yako wanafunga mizigo. Lakini kuna mitaa kama Bronzeville, Chatham na Hyde Park ambako weusi wasomi wamekaa vizazi kwa vizazi na wala hawana habari ya kuondoka. Ulipanda treni kwenda kusini "kuona tu". Ungeshuka, mwanangu. Ukipata nafasi ya kurudi, shuka kituo cha 47th Street utembee mchana.

Na kuna jambo ambalo huenda hukulijua, na limenifanya nitabasamu nikiandika. Mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata CPA ni Mary T. Washington, mwaka 1943, na alikuwa Chicago. Kampuni yake alikuwa ameshaianzisha mwaka 1939, ndani ya chumba cha chini cha nyumba yake. Wakati ule ili upate leseni ulihitaji uzoefu chini ya mhasibu mwenye leseni, na kampuni za Wazungu hazikuwachukua weusi. Kwa hiyo vijana walitoka majimbo mengine kwenda kufanya kazi kwake. Na Atlanta alikuwepo Jesse Blayton, aliyepata leseni mwaka 1928, akafundisha uhasibu chuoni, na mwaka 1949 akanunua kituo cha redio WERD, cha kwanza Marekani kumilikiwa na mtu mweusi. Nakutajia hawa kwa sababu mwenzako wa kazini amekuambia ukienda penye weusi utaonekana umeshindwa. Vijana waliosafiri kumfuata Bi Washington hawakuwa wameshindwa. Walikwenda mahali ambapo kazi yao ingeangaliwa kama kazi. Ukichagua Atlanta kwa sababu hiyo, mtu asikutie haya. Na ukichagua Chicago, usidhani unakwenda mahali pasipo na bibi yako katika fani. Yupo, hata kama hakuwa miongoni mwa wale wanane.

Sasa wale wanane. Kuwa peke yako kwa mwaka mmoja ukiwa na lengo ni jambo moja. Kuwa peke yako bila kujua mpaka lini ni jambo jingine, na umeshalionja hapo Columbus. Kaka yako ana hoja nzuri kuhusu jina la kampuni: ni kweli hufungua milango. Hasemi linagharimu nini, kwa sababu si yeye atakayekaa chumbani. Waandikie watu wa ajira wa kampuni ile, kwa adabu na bila kuzunguka: katika ngazi hii wapo wakaguzi wangapi weusi, na naweza kuzungumza na mmoja wao kwa dakika ishirini kabla sijajibu? Kampuni kubwa huulizwa maswali haya siku hizi. Namna watakavyokujibu itakuonyesha mengi, hata wakikujibu vizuri sana na haraka mno. Na wapo wahasibu weusi wenye chama chao cha kitaifa tangu 1969, NABA, chenye matawi. Tafuta mtu wa tawi la Chicago umwulize habari za kampuni hiyo. Watu wa fani moja huambiana ukweli.

Kuhusu chumba cha wifi, nitasema kwa uangalifu maana ni ndugu zako. Kufika mji mgeni ukakuta ndugu, ukala wali wa nazi siku ya kwanza, ukasikia watoto wakikuita shangazi, hiyo ni neema. Dakika kama arobaini kwa treni uko ofisini. Lakini kitanda kimeshatandikwa na hakuna mahali ulipoandika kwamba ulikiomba. Umezungumza nao utakaa muda gani? Utachangia nini? Watoto watatu, wazazi wote wawili nadhani wanafanya kazi, na shangazi yuko ndani; nani atabaki nao Jumamosi? Katika msimu wa kufunga hesabu, wewe unarudi saa nne usiku. Ndugu wengi wapendanao wameharibikiana kwa sababu ya mambo ambayo yangezungumzwa siku ya kwanza kwa dakika kumi. Chicago bila kukaa kwa kaka nayo ni njia: kuwa na chumba chako mitaa miwili mitatu kutoka kwake, uende kula Jumapili, urudi kwako. Uliwahi kulifikiria hilo, au picha ya kitanda ilifunga mjadala?

Na lile gari lililosimama. Lawrenceville iko kaunti ya Gwinnett, ambayo wapiga kura wake walikataa kujiunga na treni na mabasi ya MARTA mwaka 1971, wakakataa tena 1990 na 2019. Mwanzoni sababu kubwa, ingawa haikusemwa wazi, ilikuwa kuogopa weusi wa mjini wasifike vitongojini. Foleni uliyokaa ile Ijumaa ni mtoto wa kura hizo. Ila wewe hulazimiki kuishi Lawrenceville. Ofisi yako iko Midtown na Midtown ina vituo vya treni. Kutoka East Point au College Park, mitaa ya weusi kwa sehemu kubwa, unapanda treni moja tu hadi kazini. Kutoka Decatur unabadilisha treni kituo cha Five Points. Kwa hiyo kuishi Atlanta bila kugusa barabara kuu inawezekana, lakini maisha yatakuwa yamefungwa kwenye reli. Mwaliko wa harusi, duka la halali, rafiki yako mwenyewe, vyote vitahitaji gari au mtu wa kukubeba. Rafiki akikubeba mara ya tano utaona haya. Mwisho utanunua gari, na ukinunua, fundishwa barabara kuu na mwalimu wa kulipwa, Jumapili asubuhi, si na shemeji.

Hapo ndipo tunapokuja kwenye fedha, na nitapita haraka kwa kuwa wewe ndiye mhasibu. Tofauti ni dola 13,000. Kodi ya mapato ya jimbo haitabadilisha mengi: Illinois ni asilimia 4.95 na Georgia inakaribiana nayo. Atlanta ina sifa ya unafuu, lakini kodi za kupanga nyumba karibu na reli na karibu na BeltLine, ile njia ya kutembea inayozunguka mji, zimepanda, na gari pamoja na bima vitataka chao. Chicago kodi ya mauzo ni kubwa, na majira ya baridi yatadai koti ambalo Columbus haikukulazimisha kununua. Weka yote kwenye karatasi moja, na fedha za mama na ada za mdogo wako ziwe mstari wa juu kabisa, si salio. Kisha soma vizuri barua ya Chicago: kampuni zinazolipia kuhama mara nyingi hutaka fedha zirudishwe ukiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili. Na waombe Atlanta wachangie kuhama kwako. Kuomba si kosa. Wengi husubiri uombe.

Kuna kipimo kimoja ambacho sisi watu wa pwani tunakijua na hakimo kwenye orodha zozote za miji bora. Ukipigiwa simu saa tisa usiku kutoka Tanga, Mungu aepushe, nani atakuja kukaa nawe hadi kupambazuke? Chicago yupo kaka, jibu ni rahisi. Atlanta yupo rafiki, mbali kule Lawrenceville. Lakini Clarkston, upande wa mashariki ya mji, wamejaa watu wa Kongo waliopitia kambi za Kigoma, na ukiingia dukani unaweza kununua unga kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Watanzania nao wapo. Jumuiya hizi hazimjii mtu nyumbani. Unaingia, unachangia misiba ya wengine, unacheza mchezo na kina mama, na baada ya mwaka wanakujua kwa jina. Swali ni kama una nguvu za kuanza hilo upya sasa, ukiwa na uchovu ulio nao. Nalielewa kama huna. Nalielewa pia kama ni hicho hasa unachokitamani: mahali ambapo utajulikana kwa ulichokijenga mwenyewe.

Mwanangu, sitakuambia uende wapi. Ukifuata Atlanta kwa ajili ya yule mwanamama, hatari yako ni kuegemea mtu mmoja na kujenga watu wako kutoka mwanzo, kwa kipato kidogo zaidi. Ukifuata Chicago, hatari yako ni ile uliyonayo tayari, kuzoea kujitetea hadi usijue tena kwamba unajitetea, ila ukiwa na ndugu karibu na jina zito mkononi. Zote zinabebeka. Na leseni yako inaweza kuhamishwa jimbo hadi jimbo. Mwaka mmoja au miwili ukiwa na miaka 29 haujafunga mlango wowote. Ninachokuomba ni uache kujibu swali la "binti mweusi msomi", kwa sababu huyo hayupo. Uliyepo ni wewe, mwenye mama Ngamiani, unayeogopa barabara kuu, unayependa mtu akubane kwa hesabu.

Mwisho wa mwezi si mbali, lakini wiki moja ya ziada huombwa na mara nyingi hupatikana. Waandikie kesho, kampuni zote mbili. Ukiweza, rudi Atlanta siku ya Jumanne, ulale East Point au Decatur, upande treni ya asubuhi kama mtu anayekwenda kazini. Mpigie kaka, zungumzeni habari ya kitanda. Na mama yako mwambie kuhusu yule mkuu wa fedha. Nadhani hujamwambia, ndiyo maana anakujibu kuhusu damu tu. Akijua unachokimbia, huenda akakushangaza.

Ukishahamia, tuandikie tena: umechukua mtaa gani, kodi ya nyumba ni kiasi gani, na wanane wale au yule mwanamama wamekupokeaje mwezi wa kwanza. Wapo mabinti kadhaa ambao barua zao ziko hapa mezani kwangu wanaulizia miji hiyohiyo, na wewe utawafaa kuliko mimi.

Mama yako wa ukurasani